Kidonge kinachochelewa: barua ya wazi kwa Waziri wa Afya na viongozi wa afya Mkoa wa Kilimanjaro

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Afya. Kwa Mganga Mkuu wa Mkoa wa Kilimanjaro. Kwa waganga wakuu, waratibu wa afya ya uzazi na maofisa lishe wa halmashauri zetu zote, kuanzia Rombo hadi Siha.

Waheshimiwa, salaam.

Mimi ni muuguzi mkunga mstaafu. Nimefanya kazi miaka 34, yote chini ya mlima huu, na miaka ya mwisho niliimalizia kwenye kliniki ya mama na mtoto. Nawaandikia kwa ajili ya kidonge kimoja nilichokigawa kwa mikono yangu maelfu ya mara. Nilikigawa kwa moyo, nikaandika kwenye kadi, nikamwambia kila mama asiache hata siku moja. Na kwa wengi wa kina mama hao, kazi moja kati ya kazi mbili za kidonge kile ilikuwa imeshapitwa na wakati kabla hawajaketi kwenye benchi langu.

Nazungumzia fefo. Mitaani kinaitwa kidonge cha damu, na jina hilo limekipunguzia heshima. Ndani yake mna madini chuma, ambayo kweli ni ya damu, na mna foliki asidi. Hii ya pili nayo inasaidia damu, lakini inahitajika zaidi pale mwili unapojenga ubongo na uti wa mgongo wa mtoto.

Naomba nieleze kwa mfano wa nyumbani. Kila aliyekulia kihambani, kwenye shamba la migomba la nyumbani, ameona jani changa la mgomba: hutoka likiwa limejikunja kama bomba, kisha hukunjuka taratibu. Uti wa mgongo wa mtoto hufuata njia ya kinyume. Huanza kama ukanda uliolala, kingo zake zikainuka, zikaelekeana, zikakutana na kufungana kuwa mrija. Upande wa juu wa mrija huo ndio unaokuwa ubongo, na sehemu iliyobaki ndiyo uti wa mgongo. Kazi yote hiyo inakwisha kufikia siku ya 28 tangu mimba itungwe. Mrija usipofunga huku chini, mtoto anazaliwa na mgongo wazi. Usipofunga juu, sehemu kubwa ya ubongo na fuvu haiumbiki, na mtoto huyo haishi.

Siku ya 28, Waheshimiwa. Kwa mwanamke mwenye mzunguko wa kawaida, siku hiyo hedhi imechelewa wiki mbili tu. Mmoja anadhani ni uchovu wa shamba. Mwingine anadhani ni malaria. Aliyetoka kuacha sindano ya uzazi wa mpango anajua siku zake bado hazijatulia. Na yuko aliyekwisha kujua, lakini amenyamaza, maana kwetu mimba changa haitangazwi. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2015–16 ulionyesha kwamba katika kila wajawazito 100, ni 24 tu waliofika kliniki kwa mara ya kwanza ndani ya miezi mitatu ya mwanzo. Namkumbuka binti mmoja aliyekuja akiwa na wiki kumi. Nilimsifia mbele ya wenzake wote kwa kuwahi. Mrija wa mwanawe ulikuwa umeshafunga, au umeshashindwa kufunga, mwezi mzima nyuma.

Kuna mama mmoja kutoka upande wa Rombo ambaye sijaacha kumfikiria. Mtoto wake wa kwanza, wa kiume, alizaliwa na uvimbe mgongoni, ngozi yake nyembamba kama utando wa yai, maji yanavuja. Tulimfunika kwa gozi iliyolowa maji safi ya chumvi, tukamlaza kifudifudi, tukaita gari. Alifanyiwa upasuaji katika hospitali kubwa. Baadaye kichwa kikaanza kukua, akawekewa mpira wa kushusha maji ya kichwani hadi tumboni. Mama akafundishwa kumtoa mkojo kwa mpira mwembamba kila baada ya saa chache. Akajifunza, na akaifanya kazi hiyo kwa usafi kuliko wengi niliowafundisha darasani. Mawifi wakasema ni laana aliyokuja nayo kutoka kwao. Mume akaanza kupunguza safari za kurudi nyumbani.

Katika miaka mitatu iliyofuata mama yule alipita mikononi mwa wataalamu wengi, nami nikiwa mmoja wao. Karatasi zake zilijaza bahasha mbili, na kila karatasi ilimhusu mtoto. Hakuna kati yetu aliyeandika hata mstari mmoja kuhusu mimba ijayo. Aliporudi kwangu alikuwa na mimba ya miezi mitano, nikampa fefo kama nilivyowapa wote. Mtoto wa pili alikuwa wa kike. Aliishi siku mbili.

Sasa sikilizeni tarehe. Mwaka 1991, nikiwa na miaka mitatu tu kazini, yalichapishwa Uingereza matokeo ya utafiti uliofanyika katika nchi saba, kwa wanawake waliokwisha kupata mimba yenye tatizo hili. Waliopewa foliki asidi miligramu 4 kwa siku, kuanzia kabla ya kushika mimba, hatari ya tatizo kujirudia ilipungua kwa asilimia 72. Elimu hiyo ilikuwepo siku zote nilizokuwa naandika kwenye kadi ya mama yule. Ilikuwepo, na haikumfikia, na mimi nilikuwa mlango mmojawapo ambao ingepitia.

Kwa hiyo ombi langu la kwanza halihitaji semina wala mradi wa wafadhili. Mama yeyote aliyejifungua mtoto mwenye mgongo wazi, au aliyepoteza mimba kwa sababu hiyo, asiruhusiwe kutoka wodini kabla jambo hili halijaandikwa kwenye faili lake yeye, siyo la mtoto: kabla ya mimba ijayo amwone daktari na aanzishiwe foliki asidi ya kiwango cha juu, aendelee nayo mpaka wiki ya 12. Kidonge cha miligramu 5 kipo kwenye maduka ya dawa. Kinachokosekana ni mtu wa kumwambia. Vivyo hivyo mwanamke mwenye kisukari, na mwenye kifafa anayetumia valproate, maana dawa hiyo inaongeza hatari ya mgongo wazi. Huyu wa kifafa aambiwe kwa upole na kwa mkazo: usiache dawa mwenyewe, njoo tupange kwanza, ndipo ushike mimba.

Na tunapowaambia hayo, tuangalie tusije tukageuza dawa kuwa fimbo. Siyo kila mgongo wazi unatokana na upungufu wa foliki asidi, na vichwa vikubwa vina sababu nyingine pia, yakiwemo maambukizi ya ubongo baada ya kuzaliwa. Yuko mama aliyefanya yote sawasawa na bado akampata mtoto mwenye tatizo. Mawifi wanatosha kumlaumu.

Kwa wanawake wengine, kiwango ni kidogo: mikrogramu 400 kwa siku, yaani miligramu 0.4, tangu mtu anapoanza kutafuta mtoto hadi wiki ya 12. Ndivyo Shirika la Afya Duniani linavyoelekeza. Lakini nendeni wenyewe kwenye duka la dawa muhimu lolote hapa Moshi, Himo au Bomang'ombe, muulize foliki asidi. Mara nyingi mtaletewa ile ya miligramu 5, zaidi ya mara kumi ya inayotakiwa. Kwa mjamzito anayemeza SP ya kuzuia malaria hili si dogo, kwa sababu foliki asidi nyingi kiasi hicho inapunguza nguvu ya SP. Tunafunga mlango mmoja na kufungua mwingine. Naomba kidonge cha 0.4 kipatikane kwenye maduka hayo, na muuzaji afundishwe tofauti ya hivyo viwili.

Mtaniuliza: mwanamke ambaye bado hajashika mimba tutampatia wapi?

Tunaye. Yuko chumba cha pili kutoka kliniki ya wajawazito. Ni yule anayekuja kutolewa kijiti cha uzazi wa mpango. Fikirini, Waheshimiwa: mwanamke anapanda Hiace, analipa nauli, anakaa foleni, anaingia chumbani na kutuambia kwa kinywa chake kwamba anataka kijiti kitoke kwa sababu anatafuta mtoto. Tunamchoma ganzi, tunakitoa, tunafunga bandeji, tunamwambia asiloweshe kidonda. Kisha anaondoka mikono mitupu. Miezi minne au mitano baadaye anarudi, chumba cha jirani, ndipo tunampa foliki asidi. Sijui kama upo mlango mwingine katika huduma zetu zote ambapo mtu anatujulisha nia yake waziwazi hivyo, nasi tukakaa kimya. Anayetoa kitanzi ni yuleyule. Anayekuja kusema ameacha sindano ni yuleyule.

Naomba kwenye rejista ya uzazi wa mpango iongezwe safu moja: anatafuta ujauzito, amepewa foliki asidi, ndiyo au hapana. Nimekaa na rejista miaka 34 na ninajua tabia yake. Kinachohesabiwa mwisho wa mwezi kinafanyika. Kisichokuwa na safu kinabaki kuwa wema wa nesi mmoja mmoja, na nesi akihamishwa, wema unahama naye.

Mlango mwingine uko makanisani na misikitini. Hapa kwetu harusi haifungwi bila mafundisho ya ndoa, na matangazo yanasomwa Jumapili tatu. Masheikh nao wanawajua mapema wanaokuja kufunga nikaha. Maofisa lishe wetu wangepata nusu saa moja tu kwenye mafundisho hayo, wakiwa na vidonge mkononi, wangewakuta maharusi wote wawili wameketi pamoja, jambo ambalo kliniki imelihangaikia miaka mingi. Nimeshaongea na kina mama wa umoja wetu kanisani. Wako tayari kutukaribisha.

Na kuna suala la majira, ambalo mtu wa Dodoma anaweza asilione. Desemba watu wanapanda mlimani. Kutoka Dar, kutoka Mwanza, kutoka migodini, kila mtu anarudi kihambani kwao, na harusi zinafuatana hadi wapishi wanakosa usingizi. Sisi wakunga tunaisoma Desemba hiyo kwenye leba ifikapo Septemba. Kwa hiyo kidonge kinachogawiwa Machi, wale wa Desemba wanapoanza kuja kliniki, kimekosa msimu wake. Kinatakiwa kiwe mikononi mwa watu Oktoba na Novemba. Tarehe 25 Oktoba dunia inaadhimisha siku ya mgongo wazi na vichwa vikubwa. Kama mkoa unataka siku ya kuanzia, hiyo hapo, na kwa mlima huu inaangukia mahali pake kabisa.

Wapo ambao hawatapita milango hiyo yote. Binti aliyeshika mimba bila kutarajia. Mama wa watoto wanne aliyedhani uzazi umekwisha. Hao hawatafuti mtoto, kwa hiyo hakuna atakayewapa kidonge kabla. Hao watafikiwa na chakula.

Nchi yetu ina kanuni za kuongeza virutubishi kwenye unga wa ngano, unga wa mahindi na mafuta ya kula tangu 2011, na nawapongeza walioziandika. Afrika Kusini ilianza kuongeza foliki asidi kwenye unga wa mahindi na wa ngano mwaka 2003, na kasoro hizi zikapungua kwa takriban asilimia 30. Mei 2023 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulipitisha azimio la kuzihimiza nchi zote kufanya hivyo. Lakini mwanamke wa Pasua au Njoro hapa Moshi anayenunua mahindi yake soko la Mbuyuni, akayapeta, akayabeba hadi mashine ya jirani, unga wake unatoka ulivyoingia. Vipo vifaa vidogo vinavyofungwa kwenye mashine za mtaani, vinapima virutubishi na kuvidondosha wakati wa kusaga. Halmashauri zikae na wenye mashine. Wapunguziwe ushuru fulani, wakopeshwe kifaa, jina la mashine litangazwe, vyovyote mnavyoona, ilimradi wasiachiwe gharama peke yao, kwa sababu faida ya unga huo inamwendea mtoto wa mteja na si mfuko wa msagishaji.

Hata hivyo unga peke yake hautatosha huku kwetu. Mlimani tunakula ndizi, na mtori, machalari na kiburu havipiti mashineni. Maharage ya kiburu yana foliki asidi yake ya asili, na mnafu vilevile. Lakini tunaujua mnafu wetu: unachemshwa kwanza, maji yenye uchungu yanamwagwa, ndipo unaungwa. Foliki asidi inaharibiwa na moto na inayeyuka kwenye maji, kwa hiyo nyingi yake inaishia shimo la taka. Mimi sitamwambia mtu aache mnafu. Ninasema tu kwamba kumweleza mwanamke "kula mboga za majani" na kufunga daftari ni kumpa nusu ya jibu.

Nirudi kwenye ule upande wa damu, maana huko nako kidonge hakimalizi kazi yake. Utafiti uleule wa 2015–16 ulikuta wanawake 45 katika kila 100 wa umri wa miaka 15 hadi 49 wana upungufu wa damu. Nikiona mjamzito anatafuna udongo ule unaouzwa kwa mafungu sokoni, nilikuwa namfunua kope kwanza kabla ya salamu, na mara nyingi ndani kulikuwa kweupe. Mwanamke anayeanza mimba akiwa hivyo anaanzia shimoni. Kidonge anapewa, anakiacha. Kwa nini? Kwa sababu siku ya tatu choo kimekuwa cheusi na hakuna aliyemwambia kwamba hiyo ni kawaida. Kwa sababu kinamtapisha akimeza asubuhi tumbo likiwa tupu, na hakuna aliyemshauri ameze usiku baada ya kula. Kwa sababu anakishushia na chai, na chai inazuia chuma kuingia mwilini. Maelezo haya yanachukua dakika mbili. Nesi mwenye wajawazito 60 asubuhi moja hana hizo dakika mbili, nami nilikuwa sina. Tuongezeeni watu.

Na wakati mwingine kidonge chenyewe hakipo. Nimesimama mbele ya kina mama waliotembea kilomita nne nikiwa na kopo tupu, nikawaambia wakanunue. Huduma ya mjamzito ni bure kwa sera yetu, lakini kopo likiwa tupu sera hiyo haimfikii mama. Anayepanga oda ya dawa ahesabu na hao wapya ninaowaombea, wa kijiti na wa ndoa, la sivyo tutawapokonya wajawazito na kuwapa wengine.

Kuna nguvu katika vitamini hata baada ya mimba kukua, na ushahidi wake ulipatikana hapa nchini. Mwaka 2007 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanyika Dar es Salaam kwa wajawazito 8,468 wasio na VVU. Wote walipewa madini chuma na foliki asidi. Nusu wakaongezewa vitamini nyingine. Watoto waliozaliwa na uzito pungufu walikuwa asilimia 7.8 kwa walioongezewa, na 9.4 kwa wasioongezewa. Ni faida ya kweli, na ningependa siku moja mama wa Uru na wa Kahe aipate. Lakini angalieni waliandikishwa lini: kati ya wiki ya 12 na ya 27. Hata utafiti wetu mzuri kabisa ulimkuta mama baada ya ule mrija kufungwa.

Jambo moja zaidi, fupi. Acheni kumrudisha mwanamke aliyekuja bila mwenza. Najua nia ilikuwa njema, wapimwe pamoja. Lakini nimeona waliorudishwa wakafuate mume aliyeko machimboni, au barua ya mwenyekiti wa mtaa, wakapotea miezi miwili. Mpokeeni siku hiyohiyo, mwenza atakuja.

Waheshimiwa, mwaka 2017, Rais wetu wa sasa akiwa Makamu wa Rais, wakuu wa mikoa walitia saini mkataba wa lishe, na halmashauri zikatakiwa kutenga shilingi 1,000 kwa kila mtoto aliye chini ya miaka mitano. Ni mkataba ninaouheshimu. Ila mtoto anahesabiwa humo akishazaliwa, na mgongo wake ulikamilika miezi minane kabla. Naomba katika bajeti ijayo sehemu ya fedha hizo imfuate kule alikoanzia, kwa mama yake, kabla yeye hajakuwa namba kwenye hesabu zenu.

Yule mama wa Rombo alitaka kujaribu tena. Safari hii tulimpeleka kwa daktari mapema, akameza vidonge vyake miezi mitatu kabla na akaendelea navyo. Mtoto wa tatu, wa kike, amezaliwa mzima. Kaka yake anamfundisha kusoma akiwa kwenye kiti chake cha magurudumu.

Niko tayari kuja kwenye kikao chochote mtakachoniita, kwa nauli yangu, na nitakuja na mfano wa hiyo safu ya rejista, nimeshauchora. Naomba tu isipite Oktoba. Kadi za michango ya harusi za Desemba zimeshaanza kunifikia, na mpaka leo ninazo tatu mezani.

Wenu katika kuwahudumia kina mama,

Muuguzi mkunga mstaafu,
Moshi.